Mkono Si Komeo

Kabla hujaingiza mkono wako chini ya chuma chochote, uliza swali moja: hiki chuma kimeshikwa na nini? Sijasema kimeshikwa na nani. Ukijibiwa kwa jina la mtu, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, hata awe padri, toa mkono, kaa pembeni, washa sigara kama unavuta. Mimi sivuti, kwa hiyo nilikuwa nakaa tu.

Nayasema haya kwa sababu juzi nilipita gereji moja hapa Sumbawanga, karibu na stendi, nikaona kijana kalala chini ya tipa. Bodi limenyanyuliwa juu, limeshikiliwa na mafuta ya jeki basi, hakuna gogo wala chuma cha kukinga. Mwenzake yuko kwenye kabini, mkono mmoja kwenye wenzo, mwingine unachezea simu. Nikamwambia yule wa chini atoke. Akanijibu akiwa kulekule, "Shikamoo babu, usiwe na wasi, mshikaji yuko makini." Nikaitikia marahaba, kisha nikaongeza maneno ambayo mke wangu hapendi niyaandike. Akatoka. Nikamwonyesha mkono wangu wa kushoto, wenye vidole vitatu, nikamwambia kwamba na mimi mshikaji wangu alikuwa makini. Hakuwepo mtu makini kuliko yeye katika Ufipa nzima.

Basi kaeni niwaeleze, maana pale gerejini nilikuwa na hasira na hasira haielezi vizuri.

Mimi nilikuwa fundi wa mizinga. Si mizinga ya nyuki, nafafanua kwa sababu kuna mjukuu wangu aliyewaambia wenzake shuleni kwamba babu yake alikuwa mrina asali. Mizinga ya vita, ile mikubwa inayovutwa na lori. Miaka ile ya Ujamaa karakana yetu ya jeshi ilikuwa nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo unavuma siku nzima bila kukutana na mti. Mwezi wa sita spana ilikuwa inanata mkononi kwa baridi. Sisi wa bondeni, mimi nimezaliwa Ilemba, kule chini ambako joto ni la bure, tuliteseka kuliko wote. Jina la kikosi liacheni, halitawasaidia kitu.

Kazi yetu ilikuwa hii: mzinga unaletwa umechoka, tunaufungua, tunausafisha, tunabadilisha kilicholika kama kipo cha kubadilishia. Mara nyingi hakikuwepo. Ilikuwa miaka ambayo ukipata mche wa sabuni unaukata vipande na kuwagawia majirani, sembuse springi ya mzinga.

Mwalimu wangu alikuwa Sajenti Ambonisye, mtu wa Mbeya, Mnyakyusa mrefu, mlokole. Hakunywa, hakutukana, na ukikosea ulitamani afadhali angekutukana. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mzinga akaniuliza mtutu ule una uzito gani. Nikasema sijui, afande. Akasema, "Vizuri. Ungejua ungedhani unaweza kuubeba."

Alinifundisha mambo ambayo mpaka leo nikiyasahau usiku siku inayofuata nayakumbuka mikononi. Kwanza, fungua mlango wa nyuma wa mtutu, chungulia mpaka uone mbingu upande wa pili. Hata kama mwenzako ametoka kuchungulia sasa hivi, chungulia na wewe, macho ni yako. Halafu kabari za mbao kwenye matairi, mbele na nyuma, uzigonge mpaka zilie sauti nzito. Kisha komeo.

Komeo ndilo lililonilisha mimi na wanangu, kwa hiyo nisikilizeni hapa. Mzinga ni kitu kilichotengenezwa ili kisitulie. Mtutu unapanda na kushuka, unageuka kushoto na kulia, ukipigwa unarudi nyuma. Kila mahali unapotembea, waliouunda waliweka mahali pa kuufungia: matundu mawili yanayokutana, na pini nene ya chuma inayopita kwenye yote mawili. Pini ikishaingia, mtutu na kitanda chake vinakuwa kitu kimoja, na wewe unaweza kufanya kazi yako. Pini hiyo inaning'inia kwenye mnyororo wake ili isipotee, na imefungwa kitambaa chekundu ili isisahauliwe ndani.

Maana kuisahau ndani nako ni msiba. Kuna kuruta mmoja aliitia, akamaliza kazi, akaenda kula. Waliomfuata hawakuangalia. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeshakuwa cheusi kwa grisi. Wakaanza kuzungusha usukani wa kunyanyulia mtutu, haukubali. Wakasema ni baridi, umeganda. Wakaongeza mtu. Wakaongeza na bomba la chuma ili wapate nguvu. Meno ya gia yakaanza kudondoka moja moja kama mahindi yanayopukuchuliwa. Sajenti Ambonisye aliyaokota yale meno yote, akayafunga kwenye leso yake mwenyewe, akampa kuruta, akamwambia alale nayo chini ya mto mpaka yaote tena. Tangu hapo ikawa sheria kwamba aliyetia pini ndiye anayeitoa, na kitambaa kinafuliwa kila Jumamosi. Kwa sabuni ile ile ya kukatakata.

Sasa, kulikuwa na mzinga mmoja tuliouita Bibi kwa ajili ya umri wake. Bibi alitufikia bila pini. Matundu yapo, mnyororo upo, pini haipo, nani aliipoteza na wapi Mungu anajua. Na meno ya gia yake yalikuwa yamelika kiasi kwamba ukishaondoa springi zinazobeba uzito wa mtutu, hakuna kinachouzuia kushuka isipokuwa mtu aushike usukani kwa mikono miwili. Sajenti aliomba pini kwa wakubwa wa vifaa. Wakajibu asubiri. Akaomba tena, wakajibu vizuri zaidi, lakini jibu lilikuwa lile lile. Na huku mzinga unatakiwa utoke.

Kwa hiyo tukawa na mtu wa kushika. Nyinyi leo mnaitana mshikaji kwa mapenzi tu, kwetu ilikuwa zamu ya kazi. Sajenti hakuipenda kabisa. Kila tulipomfungua Bibi alisimama pale pale nyuma ya mshikaji, mikono mfukoni, akiomba kimyakimya, na hakutoka mpaka kila mtu ametoa vidole vyake.

Mshikaji wetu alikuwa Koplo Zenobi. Mfipa wa huku juu, mtaratibu, mikono imekomaa kwa kushika plau nyuma ya maksai tangu utotoni. Anaweza kushika usukani ule muda wa misa nzima bila kubadilisha mguu. Tulikuwa marafiki, tulilala chumba kimoja kabla hajaoa. Na alikuwa na adabu, jamani. Wengine tulikuwa na adabu ya kufundishwa, yeye ilikuwa kwenye damu.

Hapa lazima niwaeleze vijana wa mjini, maana naona desturi inawaponyoka. Kwa Wafipa, mkubwa hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Unachuchumaa, unainamisha uso, unakutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu, makofi ya ndani, si ya kushangilia. Kwa mzazi unafanya hivyo. Kwa mkwe unafanya mara mbili ya hivyo. Huwezi kubaki umesimama mbele ya baba aliyekupa binti yake. Hakuna anayefikiri, mwili unakwenda wenyewe, ndivyo ulivyolelewa.

Basi siku moja Sajenti aliitwa ofisini katikati ya kazi. Akatuambia tusimame mpaka arudi, tutoe mikono. Zenobi tayari ana usukani, mimi nimebakiza boliti moja. Nikamwambia Sajenti, namalizia hii tu, afande. Akanitazama, mjumbe akamwita tena, akaondoka haraka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndani, kati ya mtutu na kitanda chake.

Mzee Sikazwe, baba mkwe wa Zenobi, alikuwa analeta maharage kwenye bwalo letu. Walinzi walimzoea. Siku zote aliishia jikoni, lakini siku ile alitaka kumpa mkwewe salamu za nyumbani, akaelekezwa karakana. Akaingia kwa mlango mkubwa, gunia begani, akasimama kwenye mwanga.

Sikumwona. Nilichosikia ni makofi. Pa, pa, pa, ya taratibu, ya heshima. Nikawa hata najiuliza nani anasalimiwa.

Mtutu ukashuka.

Sitawaeleza maumivu, hayana faida kwenu. Nitasema tu kwamba sauti niliyoisikia kwanza haikuwa yangu, ilikuwa ya Zenobi, na kwamba ndiye aliyerukia usukani na kuuzungusha peke yake, kazi ya watu wawili, mpaka nikatoka. Vidole viwili vilibaki mle ndani. Mzee Sikazwe aliangusha gunia, maharage yakatapakaa sakafuni mpaka kwenye grisi, na tuliyaokota kwa miezi.

Mjini walisema nimerogwa. Sumbawanga hata ukiungua ulimi na chai utaambiwa umerogwa. Mama yangu alipanda kutoka Ilemba na dawa kwenye kitambaa, akataka nimtaje ninayegombana naye. Nikamwambia mama, nagombana na gia. Hakuridhika.

Lakini ukweli, pale hospitali nilikuwa na chuki. Nisiwafiche. Nililala nikiangalia bandeji, namlaani Zenobi kwa jina lake lote na la babake. Wenzangu walikuja na samaki, migebuka ya kukaanga, na habari: Zenobi yuko mahabusu, atashitakiwa kwa kuacha kazi aliyopewa na kumjeruhi mwenzake, akipatikana na hatia anafungwa kisha anafukuzwa. Kapteni wetu, mtu wa Tanga, ndiye anayesikiliza, na anasubiri maneno yangu tu. "Sema alivyofanya," wakaniambia. "Aliachia. Basi." Na ni kweli, aliachia. Nikasema nitasema hivyo.

Kisha akaja Mzee Sikazwe. Hakuingia wodini mpaka nilipomkaribisha mara mbili. Na mimi, nikiwa kitandani, na mkono mmoja umefungwa mpaka kwenye kiwiko, nilijikuta natafuta namna ya kuinama na kukutanisha viganja. Kiganja cha kulia kikaenda kukitafuta cha kushoto. Nililia kwa maumivu.

Mzee alikaa kwenye ukingo wa kiti. Akaniuliza, "Mwanangu, ungekuwa wewe ndiye umeshika siku ile, nikaingia mimi, ungefanyaje?"

Mkono ulikuwa umeshajibu.

"Sikuombi umtetee mkwe wangu," akasema. "Akifungwa, binti yangu nitamlisha. Ila sitaki afungwe kwa sababu alilelewa vizuri."

Alipoondoka nilibaki nawaza mpaka chakula kikapoa. Na kadiri nilivyowaza, chuki ilihama. Ilimwacha Zenobi, ikaenda kukaa kwenye yale matundu mawili yasiyo na pini. Nikajiapiza mambo mawili: Zenobi hafungwi kwa maneno ya kinywa changu, na Bibi hafunguliwi tena na mtu yeyote mpaka apate komeo. Kama ni kufukuzwa jeshini, tutafukuzwa wote, tukalime mahindi Ilemba.

Siku ya kusikilizwa nilipelekwa karakana, kwa sababu Kapteni alitaka aone mahali penyewe. Zenobi aliletwa bila mkanda, amekonda. Hakuniangalia. Kapteni akaniuliza nani aliachia usukani. Nikasema Koplo Zenobi, afande. Akauliza kama aliamriwa kuachia. Nikasema hapana. Akasema basi, yametosha.

"Hayajatosha, afande," nikasema.

Koplo hasemi hivyo mbele ya kapteni. Nikamwambia kwamba Zenobi hakuchoka, hakulala, hakulewa. Alimwona mkwe wake. Mtu yeyote wa hapa angeachia, mimi mwenyewe ningeachia. Kosa ni kumfanya mtu awe komeo. Mtu ana wakwe, ana mafua, ana nzi wa kumtua puani. Pini haina mkwe.

Kapteni hakuwa mtu mbaya, na hili nataka lieleweke. Lakini hakukubali. Akasema askari ni askari, amri inatangulia desturi, na kwamba yeye akishika kitu hakiachii, aje mkwe, aje nani. Akavua saa yake. "Fungueni. Nishike mimi, muone."

Sajenti Ambonisye hakubishana. Tuliondoa springi, Kapteni akakamata usukani kwa mikono miwili, miguu imetanuliwa. Sajenti akaenda jikoni kwenye bwalo, akarudi na boga. Akaliweka pale pale ulipokuwa mkono wangu, kwa upole, kama anamlaza mtoto. Kisha akasema, "Ushike tu, afande, mpaka tuseme basi." Tukakaa. Kapteni alikuwa imara kweli. Jasho lilimtoka lakini hakutikisika, na nikaanza kuona kesi inanishinda.

Mkuu wa kikosi alikuwa na kawaida ya kupita karakana kabla ya chakula cha mchana. Mpaka leo sijui kama Sajenti aliihesabu saa ile, na nilipomuuliza miaka baadaye alinijibu kwa mstari wa zaburi. Mkuu aliingia kwa mlango ule ule mkubwa. Mtu akapaza sauti, "Simama wima."

Kapteni akasimama wima. Visigino vikagongana, mkono wa kulia ukapanda kwenye kofia, saluti safi ya mtu aliyefundishwa vizuri.

Boga likapasuka. Mbegu zilifika mpaka kwenye buti za Mkuu.

Hakuna aliyecheka. Wengine mtashangaa, mngecheka nyinyi, lakini sisi tuliokuwa pale tulikuwa tunaangalia rojo la boga likichuruzika kwenye kitanda cha mzinga, na tulijua tunaangalia nini. Kapteni mkono wake ulikuwa bado uko kwenye kofia.

Mkuu akauliza, "Na kama hapo pangekuwa na mkono wa mtu?"

"Ulikuwepo, afande," Kapteni akajibu. "Ndiyo kesi ninayoisikiliza."

Kisha akashusha mkono, akamgeukia mlinzi wa mahabusu, akamwambia ampe Koplo Zenobi mkanda wake. Mkuu naye akatoa amri mbili palepale: ndani ya karakana mtu aliyeshika chombo hampigii saluti mtu yeyote, hata yeye, na mzinga ule usiguswe mpaka uwe na pini. Amri ya pili ndiyo iliyotupa kazi.

Maana pini hatukuwa nayo, na chuma cha kuitengenezea hatukuwa nacho. Chuma cha dirisha hakifai, kitapinda. Reli hatuna, huku juu treni haifiki. Zenobi ndiye aliyekumbuka trekta la kijiji cha ujamaa kule Milepa, lililolima msimu mmoja likafa na kuachwa pembeni ya ofisi ya kijiji. Ekseli yake ni chuma cha maana. Tukashuka bondeni kwa Landrova, Kapteni mwenyewe akiendesha, na ile barabara ya kuteremka mlimani ilitufanya sote tukumbuke sala.

Mwenyekiti wa kijiji akasema trekta ni mali ya wote, kwa hiyo wote waulizwe. Mkutano ukaitwa. Wazee wakaongea, vijana wakaongea, mtu mmoja akaongea habari ya mipaka ya shamba lake ambayo haikuhusu. Mwishowe mama mmoja akasimama akasema, "Hilo trekta sasa ni banda la kuku. Mkichukua chuma, kuku mtawaacha?" Tukasema tutawaacha. "Na plau zetu zilizovunjika mtatutengenezea?" Tukatengeneza plau zote za kijiji, tukilala kwenye darasa la shule na kula ugali wa ulezi, ndipo tukaondoka na ekseli. Nimeona ujamaa mwingi wa maneno, lakini ule wa Milepa niliushika kwa mikono.

Zenobi aliikereza pini mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine aguse mashine. Mimi nilikaa pembeni na mkono wangu kwenye tanji, umening'inizwa shingoni, namwangalia, na hatukuongea mengi. Pini ya kwanza iliingia kwenye tundu kirahisi mno. Sajenti akaitikisa kwa kidole, akaitupa kwenye vyuma chakavu. "Iliyoingia kwa raha itatoka kwa raha," akasema. Ya pili ilienea sawasawa, lakini baada ya kuichoma waliipoza kwa maji ya baridi, na ilipodondoshwa kwenye jiwe ikatoa mlio wa glasi na kupata ufa. Chuma kigumu mno hakifai kwa komeo, vijana. Kinachofaa ni kile kinachokubali kuumia kidogo kabla hakijavunjika, ili kikuonye. Ya tatu ilipozwa ndani ya majivu, taratibu, ikadondoshwa, ikatoa mlio mzito. Sajenti akaiinamia kuisikiliza mpaka mlio ulipokwisha, akakubali kwa kichwa.

Zenobi akaongeza kitu ambacho hata waliouunda mzinga hawakukiweka. Alitoboa tundu kwenye ncha ya pini, likapitishwa kufuli. Kufuli lilipatikana mjini, dukani kwa mzee mmoja wa Kiislamu mwenye malori, ambaye rafuni hakuwa nalo lakini chini ya kaunta alikuwa nalo. Ufunguo ni mmoja tu, na sheria ikawa kwamba unakaa mfukoni mwa yule ambaye mkono wake uko ndani. Awe kuruta, awe nani. Mpaka atoe mkono na ufunguo, hakuna jenerali anayeweza kuushusha mtutu ule. Leo najua viwanda vikubwa duniani vinafanya hivyo, kufuli na ufunguo mmoja, wanaandika na mabango. Sisi tulilifanya kwa vidole vyangu viwili na banda la kuku.

Siku Bibi alipofunguliwa tena, ilibaki boliti ile ile. Sajenti aliwaambia watu wote watafute kazi nyingine, na yeye akaondoka. Tukabaki mimi na Zenobi. Pini imeingia, kufuli limefungwa, kitambaa chekundu kipya. Nilichungulia mtutu, nikagonga kabari, nikakagua komeo, kila kitu kiko sawa. Nikanyoosha mkono wa kulia, ule mzima.

Haukuenda.

Nilijua kwa akili kwamba mtutu hauwezi kushuka. Mkono haukujua. Nilijaribu tena, ukafika kwenye ukingo wa chuma ukasimama pale. Niliona aibu, nikaona na hasira. Nikamwangalia Zenobi. Alikuwa amesimama pale kwenye usukani, mikono yake miwili imeukamata kwa nguvu zote, mishipa imesimama shingoni. Hakuna aliyemwambia aushike. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Achia," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Hawezi.

"Zenobi, mimi siingizi mkono kama umeshika. Achia."

Tulikaa hivyo muda, watu wazima wawili, kila mmoja mkono wake umekataa. Kisha akafungua kidole kimoja kimoja. Mtutu haukusogea hata unywele. Akaangalia viganja vyake, akavifuta kwenye kombati, akachomoa ufunguo kwenye kufuli akautia kwenye mfuko wangu wa kifuani, akaufunga kifungo. Akageuka, akatembea mpaka nje ya mlango mkubwa, kwenye upepo, akakaa chini kwenye majani, mahali ninapoweza kumwona, mbali na chuma chochote.

Nikaingiza mkono.